Bwawa halizalishi maji: mambo ya kupima kabla hujaziba mto

Kila mabonde yanapoanza kukauka, kuanzia mwezi wa sita hivi, swali ninaloletewa zaidi na vijana wa huku Mtwara ni hili: "Afisa, tukichanga hela tukatengeneza bwawa letu, si tutalima nyanya na mchicha mwaka mzima?"

Wazo hilo ni zuri. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, baada ya hapo kiangazi kirefu. Nyanya na vitunguu vingi vinavyouzwa Mtwara mjini hutoka mikoa ya mbali, na bei inabeba nauli ya lori. Mwenye maji mwezi wa tisa ndiye mwenye soko. Kwa hiyo mimi sipingi bwawa hata kidogo.

Ila bwawa si kama pampu, kwamba ukiona haikufai unaiuza. Ukishaziba mto umegusa shamba la jirani wa chini, samaki wa mvuvi, na afya ya watoto wanaochezea pale. Leo tuangalie mabwawa yanafanya nini kwenye mazingira na kwa watu, tukianzia makubwa ya hapa nchini ambayo yameshatufundisha, halafu turudi kwenye lambo lako la ekari moja.

Kama utashika jambo moja tu katika makala hii, shika hili: bwawa halizalishi maji. Linachukua maji ya wakati fulani, yaliyokuwa yanaenda kwa mtu fulani, linayapeleka wakati mwingine kwa mtu mwingine. Kazi yako ni kujua umeyatoa kwa nani, lini, na kama huyo mtu anaweza kuvumilia.

Tuta linapokaa mtoni, vitu vitatu vinabadilika

Cha kwanza ni majira ya maji. Mto wa asili hufurika masika na kupungua kiangazi. Bwawa linapunguza mafuriko na, likiendeshwa vizuri, linaongeza maji ya kiangazi. Likiendeshwa vibaya, chini yake panakauka kabisa.

Cha pili ni tope. Maji yakisimama, udongo uliokuwa unasafiri nayo unatua. Bwawa linajaa tope mwaka hadi mwaka, na huko chini mto unafika umechujwa, hauna tena ule udongo mpya unaorutubisha mabonde na kujenga ardhi ya mdomo wa mto. Wamisri waliliona hili baada ya Bwawa la Aswan kukamilika mwaka 1970. Umeme na maji ya uhakika walipata. Lakini tope la Nile lililokuwa likirutubisha mashamba bure lilibaki bwawani, wakulima wakategemea zaidi mbolea ya dukani, na ufukwe wa delta ukaanza kuliwa na bahari.

Cha tatu ni njia ya viumbe. Samaki wanaopanda mto kutaga wanagonga ukuta. Kwenye maji yaliyosimama wanakuja wapya: konokono, mbu, magugu maji.

Rufiji: faida kubwa, na hesabu ya watu wa chini

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ndilo kubwa kuliko yote nchini. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018, maji yakaanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024. Mitambo iko 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Ziwa lake likijaa linafunika kama kilomita za mraba 1,200, na maji yake ni zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Kwa nchi iliyozoea mgao wa umeme, hiyo ni faida ambayo hakuna wa kuibeza.

Sasa shuka chini ya bwawa. Watu wa bonde la Rufiji wana kilimo chao cha zamani kinaitwa mlau. Mafuriko yakishapungua, wanapanda mahindi na mazao mengine kwenye udongo wenye unyevu na tope jipya, bila kumwagilia na bila mbolea ya dukani. Kwa kilimo hicho, mafuriko ya wastani ni mbolea na maji kwa pamoja. Ukiyazuia yote, umemlinda mkulima na hasara ya mwaka mbaya, na papo hapo umemnyima mtaji wa mwaka mzuri. Mbele zaidi kuna delta yenye mikoko mingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Tanzania, na uvuvi wa kamba unaotegemea mchanganyiko wa maji baridi na ya chumvi. Mto ukipungua nguvu, bahari inapanda ndani.

Upande wa pili, Aprili 2024 mvua za El Niño zilizidi, na Rufiji na Kibiti zilifurika vibaya, mashamba na nyumba zikazama. Maji yalikuwa yakifunguliwa bwawani huku mito mingine nayo imejaa. Wananchi wengi walisema bwawa ndilo sababu. Serikali ikaeleza kuwa bila bwawa mafuriko yangekuwa makubwa zaidi. Mimi hapo nachukua somo moja la kazi: bwawa likishakuwepo, watu wa chini hawasikilizi tena mvua peke yake, wanasikiliza pia mwenye kushika mlango wa maji. Kwa hiyo taarifa lazima iwafikie mapema, kabla ya maji.

Ruaha: mgogoro uliofika mpaka kusini

Bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975. Bwawa la Mtera, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilijengwa juu yake ili kulihifadhia maji. Yote mawili yanategemea Mto Ruaha Mkuu, unaopita bonde la Usangu. Huko Usangu skimu za mpunga zilipanuka, mifugo ikaongezeka, na tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ukawa unakauka kabisa kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima.

Mtera ikapungua maji, umeme ukakatika, lawama zikawarudia watu wa juu. Mwaka 2006 serikali ilianza kuwaondoa wafugaji Usangu na Ihefu ili kuokoa mto, na wengi wao walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Mkulima wa kusini anayeuliza migogoro ya wafugaji na wakulima ilianzaje kushika kasi huku kwetu, sehemu ya jibu iko kwenye kina cha maji cha Mtera. Ona umbali huo. Bwawa liko mpakani mwa Dodoma na Iringa, shamba lililoliwa na ng'ombe liko Kilwa.

Somo kwa vijana: usijenge bwawa kabla hujapanda juu ya mto kuona nani anachota kabla yako na nani anapanga kupanua. Wewe unaweza kuwa na tuta zuri, na likabaki tuta tupu.

Kihansi na Nyumba ya Mungu: vitu vidogo, na faida isiyodumu

Maporomoko ya Kihansi yalikuwa yanarusha manyunyu, na kwenye manyunyu hayo aliishi chura mdogo ambaye hajapatikana mahali pengine popote duniani. Mradi wa umeme wa megawati 180 ulipoanza mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa kupita kwenye mtambo, na manyunyu yakaisha. Vinyunyizio vya kutengeneza vilifungwa, vyura wengine wakapelekwa kutunzwa Marekani, lakini mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Baadaye vizazi vya wale waliotunzwa vilirudishwa nchini, na kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza. Wapo wanaocheka: chura tu! Lakini gharama ya kurejesha kitu kilichopotea ni kubwa mno, na chura huyo aligunduliwa miaka ya 1990, mradi ukiwa tayari mbioni. Ukaguzi wa mazingira una faida ukifanyika kabla ya zege.

Nyumba ya Mungu, katika bonde la Pangani, lilijengwa katikati ya miaka ya 1960. Miaka ya mwanzo samaki walikuwa wa ajabu, wavuvi wakamiminika kutoka kila pembe, vijiji vikaota. Haikuchukua muda, mavuno yakaporomoka. Sababu inaeleweka: bwawa jipya linazamisha majani na udongo wenye rutuba, chakula cha samaki kinakuwa kingi, halafu rutuba ile inaisha wakati nyavu zinaongezeka. Kijana unayeandika mchanganuo wa biashara ya samaki wa bwawani, usichukue mavuno ya miaka miwili ya kwanza ukayafanya ya kudumu.

Usidhani hatari ni ya mabwawa makubwa tu

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, Bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka baada ya mvua kubwa. Lilikuwa bwawa la shamba la biashara, la kumwagilia. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiwa majumbani mwao. Mashtaka yaliyofuata yaligusa pia suala la tathmini ya mazingira.

Sisi wa pwani ya kusini tuna sababu ya ziada ya kulikumbuka hilo. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na watu wa Mtwara walihamishwa kwa tahadhari. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja kusini. Tuta la udongo lililopimwa kwa mvua za kawaida haliwezi kuhimili siku kama hizo. Likizidiwa, maji yanapita juu ya tuta, yanachimba mkato mdogo, na baada ya muda mfupi hakuna tuta.

Kinacholiokoa ni utoro wa maji, yaani njia pana ya pembeni inayoruhusu maji ya ziada yatoke kabla hayajafika juu ya tuta. Wengi wakibana bajeti, cha kwanza kupunguzwa ni utoro, kwa sababu unaonekana hauna kazi. Hapo ndipo usipunguze hata shilingi.

Ruvuma yetu bado haijazibwa

Mto Ruvuma wenyewe hauna bwawa kubwa kama hayo. Tope lake bado linafika Mahurunga na Kilambo, wakulima wa mpunga wanalitumia, halafu linakwenda kwenye mikoko na visiwa vya mchanga vya mdomoni. Eneo hilo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mto huu ni mpaka, nusu yetu na nusu ya Msumbiji, kwa hiyo tuta lolote kubwa linahitaji makubaliano ya nchi mbili.

Hata hivyo usitulie sana. Mto mkubwa unalishwa na vijito. Vijana ishirini wakiziba vijito ishirini, kila mmoja akisema langu ni dogo, wameziba mto bila mkataba wala sherehe ya uzinduzi.

Hesabu ya lambo lako

Tuanze na jua. Kiangazi chetu, maji ya wazi yanapotea hewani kwa makadirio ya milimita 5 kwa siku. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Kwa hiyo bwawa la ekari moja linapoteza mita za ujazo 20, yaani lita 20,000, kila siku. Kumbuka kuwa ekari moja ya mboga nayo inakunywa karibu kiasi hichohicho. Jua linakulia ekari nzima ya mchicha bila kulipa. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, siku kama 150, zimeondoka mita za ujazo 3,000.

Ukichimba ekari moja kwa kina cha mita 2, unapata mita za ujazo 8,000. Ukichimba nusu ekari kwa kina cha mita 4, unapata 8,000 zilezile, lakini jua linachukua nusu. Maji hayapendi kutandazwa. Chimba kwenda chini, pale udongo unaporuhusu.

Udongo nao ni ishu. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni kichanga, mikorosho inaipenda lakini maji hayakai. Chimba mashimo ya majaribio, jaza maji, rudi kesho yake. Yakiwa yamekauka, unahitaji tabaka la mfinyanzi lililoshindiliwa au plastiki nzito ya bwawa, na gharama hiyo uiweke mapema kwenye mchanganuo.

Sasa mwenzako wa chini. Tuseme kijito kinapitisha lita 10 kwa sekunde mwezi wa nane. Hiyo ni mita za ujazo 864 kwa siku. Ukifunga ili ujaze bwawa lako la 8,000, kijito kimekatika siku 9 na ushee. Bustani za akina mama walioko chini zimekauka siku ya nne. Hapo umeshatengeneza ugomvi ambao hakuna mwenyekiti wa kijiji atakayeumaliza. Lakini ukijaza mwezi wa pili, wakati kijito kimejaa na maji yanakwenda baharini, hakuna atakayejua umechukua. Bwawa ni lilelile, majirani walewale. Kilichobadilika ni tarehe.

Kwa hiyo sheria yangu kwa vikundi ni fupi: jaza masika, kiangazi acha kijito kipite. Weka bomba lenye koki chini ya tuta ili maji ya watu yaendelee. Au toka mtoni kabisa, chimba bwawa pembeni na uvune maji ya mteremko wakati wa mvua.

Afya ya wanaolizunguka

Maji yaliyosimama yenye majani pembeni yanaleta konokono wa kichocho na mbu wa malaria. Ng'oa majani kingoni mara kwa mara. Jenga choo mbali na bwawa na muwe wakali kwamba hakuna kukojoa wala kuoga humo. Anayeingia kufanya kazi avae mabuti marefu. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda kituo cha afya, dawa ipo na inatibu. Zungushia uzio na weka kamba au gogo la kushika, maana watoto wanazama kimya. Maeneo ya karibu na Ruvuma, mamba hahitaji mwaliko.

Ukitaka kufuga samaki, muulize kwanza afisa uvuvi ni mbegu gani inafaa. Samaki wa kigeni akitoroka na mafuriko kuingia mtoni, hakuna wa kumrudisha.

Kabla hujakodi katapila

1. Tembea mto, juu na chini, kiangazi. Andika kila anayetumia maji, pamoja na wenye bustani ndogo na wanaonywesha mifugo. Mara nyingi wanaosahaulika ni wanawake na vijana wanaolima bila hati.

2. Peleka jambo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari: lini mnajaza, kiasi gani kinaachwa kipite.

3. Nenda Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Kutumia maji ya mto kwa biashara na kujenga bwawa kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Ulizia pia NEMC kama mradi wako unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira.

4. Mpate mhandisi, Tume ya Taifa ya Umwagiliaji inaweza kuwaelekeza. Tuta na utoro si kazi ya kukisia kwa macho.

5. Acha ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni bila shughuli za kudumu, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Panda nyasi na miti hapo. Ukilima mpaka kwenye maji, tope na mabaki ya dawa vinaingia bwawani, na baada ya miaka michache unachimba upya.

Na kama bwawa linakuja kwako

Siku moja mradi mkubwa unaweza kuja kwenye bonde lako, na wewe ndiye utakayetakiwa kuhama. Bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, liliwahamisha Watonga wapatao 57,000 mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengi waliishia kwenye ardhi duni kuliko waliyoiacha. Usisubiri siku ya tathmini. Pata hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lako sasa. Hesabu mikorosho yako, piga picha, andika mavuno ya kila msimu na utunze risiti za chama cha msingi. Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Uliza pia maswali ambayo fidia ya miti haiyajibu: ardhi mbadala iko wapi, ina maji, na miaka ya kusubiri mkorosho mpya uzae tutaishije?

Mkulima wa biashara anaishi kwa kupiga hesabu. Basi piga hesabu nzima, ya mapato yako na ya aliye chini yako mtoni. Bwawa ambalo majirani walikubaliana nalo linalindwa na kijiji kizima, na usiku wa mvua kubwa kuna watu watakaokuja na majembe kukusaidia kuokoa tuta.

Kama kikundi chenu kina eneo mnalolifikiria, msianze kuchimba. Mwoneni afisa ugani wa kata yenu mkatembee naye mto huo kabla mvua hazijaanza.